Kasoro za lenzi: Je, kweli ndizo zinazoharibu picha zetu?

MJADALA mmoja usioisha miongoni mwa vijana wanaojikimu kwa upigaji picha nchini ni kuhusu lenzi. Nenda kwenye harusi yoyote siku ya Jumamosi, au simama karibu na jumba la KICC jijini Nairobi ambako wapigapicha huwasubiri wageni, kisha uwasikilize wanapopumzika. Huyu atasema lenzi yake hutia rangi ya zambarau kwenye kingo za vitu. Yule atalalamika kwamba pembe za picha zake huwa na giza. Wa tatu ameapa kutotafuta kazi nyingine ya maana hadi apate pesa za kununua lenzi ambayo, kwa maelezo ya aliyemwuzia kamera, haina kasoro hata moja.

Lenzi hiyo haipo. Haijawahi kutengenezwa, na sababu zake ni za kimaumbile wala si uzembe wa viwanda.

Suala hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Lenzi ya daraja la juu huweza kugharimu mara kumi ya bei ya lenzi ya kawaida yenye urefu ule ule wa milimita. Kijana anayechukua mkopo katika chama, au anayebonyeza rununu yake usiku wa manane kuomba mkopo wa riba kali ili anunue lenzi kama hiyo, ana haki ya kuelezwa deni hilo litamnunulia nini hasa. Mara nyingi, jibu ni kwamba litamnunulia kitu ambacho mteja wake hataweza kukiona.

Kazi ya lenzi ni rahisi kueleza. Nuru inayotoka kwenye nukta moja ya kitu, tuseme ncha ya kope la bibi harusi, husambaa pande zote. Sehemu ya nuru hiyo huingia kwenye lenzi, nayo lenzi hutakiwa kuipinda miale yote ili ikutane tena kwenye nukta moja juu ya filamu au, siku hizi, juu ya kihisi cha kidijitali. Ikikutana barabara, kope huonekana. Ikikosa kukutana, kope huwa ukungu.

Tatizo la kwanza ni umbo. Kioo husuguliwa kwa urahisi zaidi kikipewa mviringo wa tufe, kana kwamba ni kipande kilichokatwa kutoka kwenye mpira. Umbo hilo, hata hivyo, huipinda miale ya pambizoni kupita kiasi ikilinganishwa na ile ipitayo katikati, hivyo miale hiyo miwili haifiki mahali pamoja. Jambo hili lilijulikana kabla ya kamera kuwazwa. Mwanachuoni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mwaka 965, aliandika kuhusu vioo vya kukusanyia miale ya jua, akaonyesha kwamba kioo cha mviringo wa tufe hakiikusanyi miale yote kwenye nukta moja ilhali kioo cha umbo la parabola hufanya hivyo.

Tatizo la pili ni rangi. Kioo huipinda rangi ya buluu zaidi ya nyekundu, na ndiyo sababu mche wa kioo hutoa upinde wa mvua ukutani. Kila lenzi ya kipande kimoja ni mche wa aina fulani. Isaac Newton aliamini kwamba kasoro hii haina tiba, akaamua kuikwepa kabisa kwa kuunda darubini yenye kioo cha kuakisi mwaka 1668. Kwa hili mwanasayansi huyo nguli alikosea. Katika miaka ya 1730 Mwingereza Chester Moor Hall, ambaye taaluma yake ilikuwa sheria, aliunganisha vioo vya aina mbili tofauti ili kosa la kimoja lifute la kingine. John Dollond alipata hataza ya mbinu hiyo mwaka 1758.

Kuanzia hapo, historia nzima ya lenzi imekuwa historia ya kufutisha kosa kwa kosa.

Mnamo 1839, ulimwengu ulipotangaziwa mbinu ya Daguerre ya kuhifadhi picha, lenzi zilizokuwapo zilipitisha nuru kidogo mno hivi kwamba mtu aliyetaka kupigwa picha alilazimika kukaa tuli kwa dakika kadhaa. Mwaka uliofuata Jozef Petzval, profesa wa hisabati mjini Vienna, alibuni lenzi iliyopitisha nuru mara zaidi ya kumi. Katika kazi hiyo alisaidiwa na wanajeshi wa kikosi cha mizinga waliokuwa mahiri katika hesabu, kwani tarakilishi haikuwapo. Lenzi ya Petzval ilikuwa kali katikati na dhaifu mno pembeni. Hakuna aliyejali. Uso wa mtu hukaa katikati ya picha, na ukungu uliozunguka kandokando uliufanya uso huo upendeze zaidi. Leo kuna watu wanaolipa pesa nyingi kununua lenzi mpya zilizoundwa makusudi ili ziwe na udhaifu uo huo.

Mwaka 1857 Mjerumani Ludwig von Seidel aliziweka kasoro hizi katika hesabu. Hata kwa nuru ya rangi moja pekee, alionyesha, kuna kasoro tano za msingi. Ya kwanza ni ile ya umbo la tufe tuliyoitaja. Nyingine huifanya nukta ya nuru iliyo pembeni ivute mkia kama kimondo. Nyingine huifanya mistari ya wima na ya ulalo isikutane mahali pamoja. Ya nne huilazimisha picha ikae kwenye bakuli badala ya bapa, na ya tano hupinda mistari iliyonyooka. Ukiongeza rangi, unapata mbili zaidi. Mbunifu wa lenzi akiibana moja, nyingine hufura, mithili ya mtu anayebonyeza puto.

Ndiyo maana lenzi za sasa zina vipande vingi vya kioo. Tessar, iliyobuniwa na Paul Rudolph wa kampuni ya Zeiss mwaka 1902, ilikuwa na vipande vinne tu, na bado ilitosheleza wapigapicha wengi kwa miongo mingi. Lenzi za leo za kuvuta karibu huweza kuwa na vipande 15 au 20. Hili nalo lilileta adha yake: kila uso wa kioo kisichopakwa chochote hurudisha takriban asilimia 4 ya nuru. Nyuso kumi zitapoteza theluthi moja ya nuru yote, na sehemu ya nuru hiyo iliyopotea hurandaranda ndani ya lenzi na kuifanya picha ififie kana kwamba imenyunyiziwa maziwa. Tabaka jembamba la kuzuia urejeshaji huo, lililobuniwa na Alexander Smakula wa Zeiss mwaka 1935, ndilo lililowezesha lenzi za vipande vingi. Rangi ya zambarau au kijani unayoiona ukitazama lenzi kwa ubavu ni ya tabaka hilo.

Kasoro inapokuwa balaa

Asije mtu akadhani ninasema kasoro za lenzi ni hadithi tu. Darubini ya angani ya Hubble iliporushwa Aprili 1990, kioo chake kikuu chenye upana wa mita 2.4 kilikuwa kimesuguliwa kikawa bapa kupita kiasi ukingoni, kwa tofauti ya takriban elfu mbili za milimita, yaani sehemu ndogo sana ya unene wa unywele. Ilikuwa kasoro ya umbo la tufe, ile ile ya zama za Ibn al-Haytham. Nyota zilionekana kama madoa yenye ukungu. Ililazimu wanaanga wapande huko Desemba 1993 kuiwekea vifaa vya kurekebisha, mfano wa kumvisha mtu miwani.

Hubble ilikuwa ikitafuta nukta za nuru zilizo mbali kupindukia, na thamani yake yote ilikuwa katika ukali wa nukta hizo. Harusi ya Kakamega haina hitaji hilo. Swali linalofaa basi si iwapo lenzi ina kasoro, kwa maana jibu tunalo. Swali ni ukubwa wa kasoro hiyo ukilinganishwa na kile ambacho jicho la mtazamaji litaletewa.

Tuchukue mfano wa gazeti, uwanja ambao mwandishi wa makala haya anaufahamu kwa karibu. Kamera ya kawaida ya megapikseli 24 hutoa picha yenye upana wa pikseli 6,000. Picha hiyo ikichapishwa gazetini kwa upana wa sentimita 15, hugawanywa kuwa vinukta vya wino. Karatasi ya gazeti hunyonya wino, hivyo vinukta haviwezi kusongamana sana. Kipimo cha kawaida ni mistari 85 kwa inchi, na wahariri huhitaji takriban pikseli mbili kwa kila mstari. Piga hesabu: inchi sita mara 170 ni takriban pikseli 1,000. Kwa maneno mengine, kila pikseli sita za upana wa picha asili huyeyushwa kuwa moja.

Sasa, utepe wa zambarau unaomnyima kijana usingizi, anapoikuza picha kwenye skrini ya tarakilishi hadi aone pikseli moja moja, kwa kawaida una upana wa pikseli moja au mbili, labda tatu lenzi ikiwa dhaifu. Gazetini utakuwa nusu ya kinukta au pungufu. Hali ni iyo hiyo kwenye simu: skrini nyingi zina upana wa takriban pikseli 1,080 zikishikwa wima, na mitandao ya kijamii huibana picha kabla ya kuipitisha. Mtandao wa WhatsApp haukuruhusu picha za ubora wa juu zaidi hadi mwaka 2023, na hata leo ni lazima mtumaji auchague ubora huo. Utepe wa zambarau hufia njiani.

Linganisha na kosa ambalo hakuna duka linalolizungumzia kwa sababu halina dawa ya kuuzwa. Mtu anayetembea kwa mwendo wa kawaida huenda takriban mita moja na nusu kwa sekunde. Ukimpiga picha kwa sehemu ya 1/60 ya sekunde, kasi ambayo kamera nyingi huichagua zenyewe ndani ya ukumbi wenye taa hafifu, atakuwa amesonga sentimita mbili na nusu kabla kilango cha kamera hakijafungwa. Akiwa umbali wa mita tatu akikatiza mbele yako, na lenzi ikiwa ya milimita 50, mwendo huo utajichora kwenye kihisi kwa upana wa takriban pikseli 70.

Pikseli 70 dhidi ya mbili! Hata gazetini, ukungu huo utakuwa na takriban vinukta sita, na msomaji atauona bila miwani.

Kwa miaka yote niliyokaa kwenye meza ya uhariri, nimeona picha zikikataliwa kwa kuwa zimetikisika, kwa kuwa mhusika amefumba macho, kwa kuwa mpigapicha alisimama mbali akidhani umati wote ni habari. Picha iliyokataliwa kwa sababu ya rangi kwenye ukingo wa jani la mnazi sijaiona. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, ingawa lazima nikiri kwamba wahenga hao hawakuwahi kuuziwa jembe kwa mkopo.

Giza usoni

Lipo kosa jingine linalotuhusu sisi kwa namna ya pekee. Kamera hupima nuru kwa kudhani kwamba mandhari iliyo mbele yake, ikichanganywa pamoja, ni ya kijivu cha wastani. Mweke mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe au anga la saa sita mchana, na kamera itaona weupe mwingi, ipunguze nuru, na uso wa mtu wako utoke kama kivuli chenye meno. Lenzi ya mamilioni itatoa kivuli kile kile, ila kivuli chenye kingo kali zaidi.

Wala si ajali tu ya hesabu. Kwa miongo kadhaa, kadi ambazo maabara za Kodak zilizitumia kusawazishia rangi zilikuwa na picha ya mwanamke mweupe, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha ngozi inayofaa. Hata katika enzi ya dijitali ilikuwa mwaka 2021 ambapo kampuni ya Google ilijigamba hadharani kwamba simu yake ya Pixel 6 imefundishwa kuonyesha ngozi nyeusi ipasavyo. Dawa ya kila siku haina gharama: msogeze mtu kwenye kivuli cha mti, mgeuze uso wake uelekee nuru, na kwenye simu, gusa uso wake kwenye skrini kisha uongeze mwangaza kwa kidole. Kwenye kamera kubwa, kuna kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Ni jambo la kushangaza kwamba watu humiliki kamera kwa miaka mitano bila kukigusa.

Mengine yanayosingiziwa lenzi ni umbali tu. Mtu hujipiga picha kwa simu, akaona pua yake imekuwa kubwa, akailaumu kamera. Simu iliyo sentimita 30 kutoka kwenye ncha ya pua iko takriban sentimita 42 kutoka masikioni, kwa hivyo pua iko karibu zaidi kwa kiasi kikubwa, nayo huchorwa kubwa. Rudi nyuma mita moja na nusu, na tofauti hiyo karibu itoweke. Mwaka 2018 madaktari wa upasuaji wa uso nchini Marekani walichapisha hesabu zilizoonyesha kwamba picha ya umbali wa sentimita 30 huongeza upana wa pua kwa takriban asilimia 30 ikilinganishwa na ile ya mita moja na nusu. Walikuwa na sababu ya kujishughulisha na jambo hilo: wagonjwa walikuwa wakiwaendea na picha hizo wakitaka pua zao zipunguzwe.

Vivyo hivyo shangazi aliyesimama mwisho wa mstari katika picha ya familia, ambaye hutoka mpana kuliko alivyo. Lenzi inayochukua mandhari mapana huvuta vitu vilivyo pembezoni, hata ingekuwa imeundwa kikamilifu, kwa maana hiyo ndiyo gharama ya kuuhifadhi mstari ulionyooka. Rudi nyuma hatua kadhaa, uvute karibu kidogo, na shangazi atakushukuru.

Picha ambazo dunia inazikumbuka zinathibitisha jambo hili vyema kuliko hesabu. Robert Capa alipotua na wanajeshi wa Marekani kwenye ufuo wa Omaha, Ufaransa, mnamo Juni 6, 1944, picha zilizobaki zilikuwa 11 hivi, nyingi zikiwa zimetikisika na kujaa chengachenga. Wataalamu bado wanabishana kuhusu kwa nini zilibaki chache hivyo. Hakuna anayebisha kwamba ndizo zinazotufanya tuuone ufuo ule. Mwenyewe alikitania kitabu chake cha mwaka 1947 kwa kukiita Slightly Out of Focus, yaani kwamba mambo hayakuwa yametulia sawasawa.

Hapa kwetu tuna Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, ambaye Oktoba 1984 alipeleka kamera yake Korem, kaskazini mwa Ethiopia, akiandamana na Michael Buerk wa BBC. Filamu waliyorudi nayo iliamsha dunia kuhusu baa la njaa lililokuwa likiwaua maelfu, na Julai mwaka uliofuata ikazaa tamasha la Live Aid. Amin alipoteza mkono mjini Addis Ababa mwaka 1991 ghala la silaha lilipolipuka, akarejea kazini, na akafa mwaka 1996 ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na visiwa vya Komoro. Wanaomkumbuka husimulia jinsi alivyofika mahali kabla ya wengine. Lenzi zake hazisimuliwi.

Yupo pia Mmarekani David Burnett, aliyempiga picha Al Gore katika kampeni za mwaka 2000 akitumia Holga, kamera ya plastiki iliyotoka Hong Kong kwa mara ya kwanza mwaka 1982, ambayo lenzi yake hutia giza pembe zote na kulegeza kila kitu kisicho katikati. Picha hiyo ilituzwa mwaka 2001 na chama cha wapigapicha za habari wa Ikulu ya Marekani. Burnett, bila shaka, alikuwa na kamera za bei ghali pia. Alijua alichokitaka kwenye ile ya plastiki.

Wanaopaswa kujali

Hata hivyo, haifai kumwambia kila mtu apuuze. Mpigapicha wa majumba ya kuuzwa au kukodishwa ana sababu ya kuchukia lenzi inayoupinda ukuta kama pipa, kwa sababu jicho la mteja hutambua upesi nguzo isiyosimama wima. Anayepiga picha za nyota kule Samburu au Marsabit ambako anga ni jeusi atauona mkia wa kimondo kwenye kila nyota ya pembeni. Wapimaji wanaotengeneza ramani kwa ndege zisizo na rubani hulazimika kuupima mpindo wa lenzi zao na kuuondoa kwa hesabu, maana mpaka wa shamba ukisogea kwenye ramani, ugomvi wa ndugu hauko mbali.

Mfano unaonigusa zaidi unatoka Nakuru. Watafiti wa macho walifanya jaribio huko kwa kutumia kifaa kidogo kinachobandikwa kwenye simu ili kupiga picha ya neva iliyo nyuma ya jicho, mahali ambapo dalili za ugonjwa wa glakoma huonekana. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016, picha za simu zililinganishwa na za mashine kubwa ya hospitali, na zikapatikana kuwa zinakaribiana nazo kiasi cha kuwafaa madaktari. Hapo ukungu ungeweza kumaanisha mtu kupofuka bila kugunduliwa mapema, na kwa hiyo kila kasoro ilistahili kupimwa. Cha kuvutia ni kwamba hawakudai lenzi isiyo na kasoro. Waliuliza kama picha inatosha kwa uamuzi wa daktari, wakapata jibu.

Simu zenyewe, kwa hakika, ni somo la aina yake. Lenzi za simu ni vipande vidogo vya plastiki vyenye mipindo iliyokokotolewa na tarakilishi, na zile za mandhari mapana hupinda mistari vibaya na kutia giza pembeni. Huioni hali hiyo kwa kuwa programu iliyo ndani ya simu hunyoosha mistari na kuangaza pembe kabla picha haijakufikia. Watengenezaji wa kamera kubwa nao wamefuata njia hiyo. Baadhi ya lenzi za bei ghali zinazouzwa leo zina mpindo mkubwa kuliko za miaka ya 1970, kwa sababu mbunifu anajua programu itausafisha, naye ameelekeza nguvu zake kwenye kasoro ambazo programu haiwezi kuziondoa. Gharama ya usafi huo hulipwa pembeni, ambako pikseli hunyooshwa na kulegea kidogo.

Kwa mwenye lenzi ya bei nafuu, tiba kubwa kuliko zote ipo kwenye kamera yake tayari. Kasoro nyingi hutokana na miale ya pambizoni, kwa hiyo ukipunguza tundu la lenzi, miale hiyo huzuiwa isiingie. Lenzi ya milimita 50 inayolegea kwenye f/1.8 hukaza ajabu ikifikishwa f/5.6 au f/8, na hapo huwa vigumu kuitofautisha na ile ya mara kumi ya bei yake. Ila usipitilize. Ukilibana tundu hadi f/22, nuru yenyewe huanza kutawanyika inapopenya mwanya mdogo, na kila nukta hugeuka doa lenye upana wa takriban pikseli tano kwenye kamera niliyoitolea mfano. Wanaofundishana kwamba namba kubwa ndiyo picha kali wanadanganyana.

Mtu anayenunua lenzi kuukuu, njia ambayo wengi wetu huipitia, anaweza kuipima bila mtaalamu. Abandike ukurasa wa gazeti ukutani, ule wa matangazo madogomadogo wenye herufi nyingi, aiweke kamera mbele yake sambamba na ukuta juu ya kitu kisichotikisika, kisha apige picha kwenye f/1.8 au tundu lolote lililo pana zaidi, na nyingine kwenye f/8. Pembe zote nne zikilegea sawasawa kwenye picha ya kwanza na kukaza kwenye ya pili, lenzi ni ya kawaida na haina neno. Upande mmoja ukiwa na ukungu ilhali ule mwingine uko wazi, hata kwenye f/8, kuna kipande cha kioo ndani kilichohama mahali pake, yamkini kwa kuangushwa. Hiyo airudishe, hata akipunguziwa bei.

Kisha amulike tochi upande mmoja na kuchungulia upande wa pili. Vumbi kidogo halidhuru, maana haliko karibu na fokasi. Alama za vidole juu ya kioo hudhuru zaidi, hasa kwenye simu, kwa kuwa mafuta ya ngozi hutawanya nuru ya taa na kuifanya mistari mirefu angani. Kitambaa safi cha pamba kinatosha kuziondoa. Cha kuogopwa ni nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Hiyo ni kuvu, na kwa wakazi wa Mombasa, Lamu na kwingineko Pwani ambako hewa ina unyevu mwingi, huota ndani ya lenzi iliyofungiwa kwenye mkoba wa ngozi kabatini kwa miezi kadhaa. Lenzi ihifadhiwe kwenye mkebe unaofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vidogo vya chembechembe za kukausha unyevu ambavyo watu huvitupa wanaponunua viatu vipya, na itolewe nje mara kwa mara ipate nuru na hewa. Fundi anaweza kuifungua lenzi na kuifuta kuvu ikiwa changa. Ikishalila lile tabaka la Smakula, alama yake hubaki kwenye kioo daima.